Mabonde mawili ya Segovia: uchambuzi wa kilomita 12 zilizopangwa kwa ramani bapa

Mji wa kale wa Segovia, kaskazini-magharibi mwa Madrid, umekaa juu ya ulimi wa jabali kiasi cha meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini ya ulimi huo unapita mto Eresma, utokao milima ya Guadarrama. Kusini kuna Clamores, kijito kidogo katika bonde jembamba lenye miti mingi. Maji hayo mawili yanakutana chini ya Alcázar, ngome iliyosimama kwenye ncha ya magharibi. Upande wa mashariki, jabali linapoungana na mji mpya, mfereji wa maji wa Warumi unakatiza uwanja wa Azoguejo kwa matao yanayofikia kimo cha meta 28. Mkimbiaji anaweza kuuzunguka mji huu wote, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985, akiwa chini ya miti na kando ya maji kwa sehemu kubwa ya safari. Ni miji michache Ulaya inayotoa nafasi kama hiyo.

Tuchukue mkimbiaji mgeni anayemaliza kilomita 10 za lami tambarare kwa dakika 55, yaani dakika 5 na sekunde 30 kwa kila kilomita. Amefikia karibu na Plaza Mayor, uwanja mkuu ulio juu kabisa ya mji. Kwenye ramani ya simu anaona kwamba mzunguko wa mabonde yote mawili ni kama kilomita 5 na nusu. Anapanga kushuka kupitia lango la Puerta de Santiago hadi Eresma, apige mizunguko miwili, kisha apande kwa njia ileile aliyoshukia. Jumla ni kilomita 12 na nusu hivi, na kwa kasi yake ya kawaida anajikadiria dakika 69 hivi. Ni mwezi Januari, naye anataka kutoka saa 2 asubuhi ili awahi shughuli zake.

Mpango huu una makosa manne, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye ramani bapa. Tutayapitia kwa uzito wake. La kwanza ndilo lenye maelezo mengi, kwa sababu ndilo linaloharibu mbio hata siku ambayo hali ya hewa ni nzuri.

Mpando uliowekwa mwisho

Kati ya Plaza Mayor na ukingo wa Eresma kuna tofauti ya kimo ya meta 70 hadi 90, kutegemea unafikia mto sehemu gani. Tuseme ni meta 75 ndani ya meta 800 za njia. Huo ni mwinuko wa zaidi kidogo ya asilimia 9. Katika mwinuko wa namna hiyo, kila meta unayokimbia inaudai mwili nishati karibu mara 1.6 ya ile inayohitajika kwenye tambarare. Ukitaka kutumia nguvu ileile, kasi ya dakika 5:30 inageuka kuwa karibu dakika 8:50 kwa kilomita. Mkimbiaji wetu ameziweka meta hizo 800 mwishoni, baada ya kilomita 11 na zaidi, wakati miguu imekwisha kuchoka. Asipopunguza kasi, mapigo ya moyo yatapanda hadi kiwango cha mashindano kabla hajafika langoni. Akipunguza inavyostahili, saa yake itamwonyesha amechelewa, naye ataona kama ameshindwa, ilhali amefanya jambo sahihi.

Kushuka mwanzoni nako kuna gharama, ila hailipwi papo hapo. Kwenye mteremko wa asilimia 9 mapafu yanatumia takriban asilimia 60 tu ya nguvu ya tambarare, kwa hiyo mtu anajiona anapaa. Kinachofanya kazi hapo ni misuli ya mbele ya paja, ambayo kila hatua inazuia uzito wa mwili huku ikirefuka. Misuli iliyotoka kitandani dakika 10 zilizopita, katika baridi ya sifuri au karibu na sifuri, inaumizwa na kazi hiyo kuliko misuli iliyopashwa moto. Maumivu yake huja kesho yake na kesho kutwa. Mgeni hulaumu viatu, kumbe lawama ni ya zile meta 800 za kwanza.

Mzunguko wenyewe nao una mpando wake. Eresma unatiririka kuelekea magharibi, hivyo ukikimbia kutoka upande wa monasteri ya kale ya Santa Cruz la Real hadi kanisa la Fuencisla unateremka taratibu sana, kiasi ambacho mguu hauhisi. Ukizunguka chini ya Alcázar na kuingia Clamores, unaanza kupanda kinyume cha mkondo: meta 50 hadi 70 ndani ya kitu kisichofika kilomita 2. Mwinuko wa wastani ni asilimia 3 na nusu hivi, wenye vipande vifupi vikali zaidi. Gharama yake ni mara 1.2 ya tambarare, kwa hiyo kasi inayolingana na 5:30 ni kama dakika 6:36. Kila mzunguko unaongeza dakika 2 hapo. Jumlisha mizunguko miwili na mpando wa mwisho: dakika 4 za Clamores, na karibu 3 za kurudi Plaza Mayor. Zile 69 zinakuwa karibu 76 hata kama kila kitu kingine kimekwenda sawa.

Marekebisho ni mepesi: anza chini. Atembee kutoka Plaza Mayor hadi Alameda del Parral, ile barabara ya miti kando ya Eresma chini ya monasteri ya El Parral. Mwendo huo wa dakika 12 hadi 15 kwa miguu ndio wa kupasha mwili moto. Kutoka hapo akimbie kinyume cha mwendo wa saa: afuate mkondo wa Eresma, apite Casa de la Moneda, kisha Fuencisla, apinde chini ya Alcázar, apande Clamores, avuke mji hadi Azoguejo, ashuke tena bondeni upande wa Santa Cruz na kurudi alipoanzia. Kwa mpangilio huu ana kilomita moja na nusu hivi za kulegea kabla ya kazi, mpando unakaa katikati ya kila mzunguko, na anamalizia kwenye ardhi tulivu. Akishamaliza, apande kwenda malazini kwa kutembea. Misuli inapoa, na hakuna anayemshika kwa saa.

Kuna wanaopenda upande wa pili, kwa mwendo wa saa: kushuka Clamores na kurudi kwa Eresma. Faida yake ni kwamba mandhari ya Alcázar inakujia mbele badala ya kuiacha mgongoni. Hasara ni mbili. Utashuka Clamores kwa kasi kwenye kijia chenye mizizi, na mpando wa kutoka Eresma hadi Azoguejo ni mfupi na mkali kuliko ule wa Clamores. Kwa mtu anayejenga nguvu ya kupanda, mwendo wa saa unafaa mara moja kwa wiki. Kwa mgeni siku ya kwanza, hapana.

Jua lisilofika chini

Kosa la pili ni saa ya kutoka. Segovia iko karibu nyuzi 41 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 26 hivi juu ya upeo, na mwanzoni mwa Januari linachomoza kama saa 2 na dakika 35 asubuhi. Mkimbiaji anayetoka saa 2 kamili anaingia bondeni gizani.

Kwa mtu aliyezoea kuchwa na kucha kwa saa kumi na mbili mwaka mzima, giza ndilo linalomshtua kwanza. Lakini kivuli ni hatari zaidi, maana giza linaondoka na kivuli kinabaki. Njia ya Eresma iko kaskazini ya jabali la mji, na jua la majira ya baridi linatoka kusini. Kuna vipande vya njia hiyo ambavyo huenda visipate jua siku nzima. Katika Clamores hali imegawanyika. Ukuta wa jabali ulio chini ya mji unaelekea kusini na hupata joto mapema, lakini ukingo wa pili, wenye misonobari ya Pinarillo, unaelekea kaskazini na hukaa na unyevu na baridi. Kijia kinachopita chini ya misonobari kinaweza kuwa na barafu saa 6 mchana huku uwanja wa Azoguejo umekauka na watu wanakunywa kahawa nje.

Tena hewa baridi ni nzito. Usiku ukiwa mtulivu, bila upepo, hewa hiyo inateleza kutoka juu na kujikusanya mabondeni. Kwa hiyo kipimajoto cha mjini kikionyesha nyuzi 2, kando ya mto kunaweza kuwa chini ya sifuri. Unyevu wa mto unaongeza sakitu juu ya majani makavu na mbao za vidaraja. Ukitaka kipimo cha haraka, angalia nyasi za ukingoni mara ufikapo chini. Zikiwa nyeupe, kila kitu cha mbao na kila jiwe laini mbele yako kichukulie kuwa kina barafu hadi miguu yako ithibitishe vinginevyo.

Kwa kisa chetu, saa 2 isogezwe hadi saa 5 asubuhi au baadaye. Asiyekuwa na nafasi hiyo abaki juu: Paseo del Salón upande wa kusini wa ukuta unaelekea jua na hukauka mapema. Ni mfupi, kwa hiyo itabidi kurudiarudia, lakini mguu mzima ni bora kuliko mandhari.

Majira ya joto hugeuza hesabu. Julai jua linachomoza muda mfupi kabla ya saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 4 kasoro usiku, na alasiri joto hufika nyuzi 30 mara nyingi. Hapo bonde ndilo kimbilio, na kukimbia saa 2 asubuhi chini ya miti ya Eresma ni raha tupu. Mwinuko wa meta 1,000 wenyewe hauna uzito mkubwa. Arusha iko juu zaidi, na Nairobi zaidi tena, kwa hiyo anayetoka huko hatahisi kitu. Anayetoka pwani ataona pumzi ikipungua kidogo siku mbili tatu za kwanza. Hewa kavu ya uwanda huu inahitaji uangalifu zaidi: jasho linakauka kabla hulijaona, nawe unaishiwa maji bila kujijua. Beba nusu lita kwa mizunguko miwili wakati wa joto. Usitegemee mabomba ya njiani, na pale palipoandikwa "no potable" maji hayo si ya kunywa.

Ardhi inayobadilika

Ndani ya mzunguko mmoja mguu unakutana na sura nne za ardhi. Mjini kuna mawe ya kupangwa na vipande vya itale vilivyosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi vikang'aa; vikilowa vinateleza kama sabuni. Kwenye Alameda kuna udongo ulioshindiliwa, mzuri mno, ambao baada ya mvua huwa tope jembamba. Clamores ina kijia chembamba chenye mizizi na ngazi hapa na pale. Baadaye lami inarudi, kwa sababu sehemu ya juu ya kijito cha Clamores ilifunikwa na sasa inapita chini ya mitaa ya mji mpya. Ndiyo maana bonde linakwisha ghafla na mkimbiaji anajikuta kwenye vivuko vya magari.

Viatu vya milimani vyenye meno ya milimita 6 havifai hapa. Karibu nusu ya njia ina uso mgumu, na juu ya itale iliyolowa meno marefu yanapunguza eneo linalogusa jiwe. Viatu vya lami visivyo na meno kabisa navyo vitakuangusha Clamores. Kinachofaa ni soli ya meno ya milimita 3 hadi 4, mpira laini, na kisigino kisichokuwa kirefu. Oktoba na Novemba majani ya mipopla hufunika mizizi na kingo za ngazi, kwa hiyo fupisha hatua na uinue goti kidogo zaidi ya kawaida. Vifundo vya miguu huteguka pale mtu anapotazama ngome juu badala ya njia chini. Ukitaka kuitazama, simama kwenye nyasi za San Marcos. Hapo ndipo inapoonekana vizuri zaidi.

Fuencisla ina hatari yake. Kanisa la mahali hapo, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17, limebanwa chini ya genge refu linalovuja maji. Lami chini ya genge hubaki na unyevu, unaoganda Januari, na genge lenyewe huweza kuangusha mawe. Ukikuta uzio umewekwa, rudi ulikotoka, hata kama waliokutangulia wameuruka.

Karibu na Casa de la Moneda, kiwanda cha sarafu ambacho mfalme Felipe II aliamuru kijengwe mwaka 1583, mto umekatizwa na kizuizi cha maji, kwa sababu mashine za kiwanda ziliendeshwa na magurudumu ya maji. Mabaki ya kazi ya vinu ndiyo yanayoipa njia ya Eresma utambarare wake: vinu na mifereji yake vilihitaji ukingo uliosawazishwa. Lakini hapo maji yanaunguruma. Huwezi kusikia baiskeli inayokuja nyuma, nayo haikusikii. Kaa upande wa kulia na utoe spika za masikioni. Theluji ya Guadarrama ikiyeyuka, au ikinyesha mvua kubwa siku mbili mfululizo, mto hupanda na vijia vya chini kabisa hujaa maji. Tumia barabara ya juu ya Alameda, ambayo inaenda sambamba.

Machi na Aprili kuna jambo la Pinarillo ambalo wageni hawalitarajii: viwavi wa misonobari, wanaotembea ardhini kwa msururu, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake. Nywele zao huwasha vikali ngozi na macho. Usiwaguse, usikae chini ya mti wenye viota vyeupe, na anayekimbia na mbwa apite upande wa Eresma hadi msimu uishe, maana mbwa anaweza kuumia ulimi vibaya sana.

Mishale ya njano na saa inayodanganya

Kosa la tatu: mkimbiaji wetu amesikia kwamba njia zimewekewa alama, basi atafuata alama. Alama zipo, lakini si za mzunguko wake. Segovia iko kwenye njia ya mahujaji kutoka Madrid kwenda Santiago de Compostela. Mishale ya njano inashuka kutoka mjini, inapita kanisa la Vera Cruz, lililowekwa wakfu mwaka 1208, na kupanda kwenda kijiji cha Zamarramala. Anayeifuata kwa dhana kwamba inazunguka mji anajikuta juu ya uwanda wa ngano, mwinuko mwingine mgongoni na upepo usoni. Kanuni ya kukumbuka: katika mzunguko huu wa kinyume cha saa, mji uko mkono wako wa kushoto wakati wote. Ukiuona umekuwa nyuma yako, umepotea, rudi mtoni.

Kosa la nne ni kuamini kasi inayoandikwa kwenye saa. Katikati ya magenge, mawimbi ya setilaiti hugonga mwamba kabla ya kufika mkononi, na saa huonyesha dakika 4:40 kisha 7:10 ilhali hujabadilisha mwendo. Chini ya Alcázar na ndani ya Clamores tumia mapigo ya moyo au pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima uko sawa, ukibaki na maneno mawili matatu umezidisha. Weka saa ihesabu muda wa mzunguko mzima kwa kubonyeza mwenyewe, usiache ikate kila kilomita. Mizunguko miwili iliyopangwa vizuri inapaswa kutofautiana kwa dakika moja au pungufu.

Mpango uliorekebishwa

Siku ya kwanza: kutembea kushuka hadi Alameda, mzunguko mmoja kwa dakika 33 hadi 36 bila kuangalia kasi, kutembea kurudi. Siku ya pili apumzike au atembee, kwa sababu mapaja yataamua. Siku ya tatu: mizunguko miwili, dakika 65 hadi 70 za mbio, Clamores ya kwanza kwa kulegea na ya pili kwa nguvu ya wastani. Anayetaka mazoezi ya mpando aongeze mara 4 za dakika 2 kwenye Clamores, akishuka kwa kutembea. Asijaribu marudio hayo kwenye mpando wa Puerta de Santiago. Ni mkali zaidi, ni wa mawe, na ni njia ya watalii.

Akihitaji mbio ndefu, aache mabonde ya mjini na aende Vía Verde del Valle del Eresma. Hii ni njia ya kilomita 73 kutoka Segovia hadi Olmedo juu ya tuta la reli ya Medina del Campo, iliyofungwa mwaka 1993. Treni hazipandi milima, kwa hiyo mwinuko ni mdogo sana: Olmedo iko chini ya Segovia kwa meta 230 hivi, wastani wa asilimia 0.3. Lakini unashuka kwenda na kupanda kurudi. Kwa dakika 100 za mbio, geuka dakika ya 47, usingoje ya 50. Kivuli ni haba na maji ni ya kubeba: lita moja majira ya joto, na kofia. Njia hii na mabonde ya mjini vinatosheleza maandalizi ya nusu marathoni bila kuhitaji kitu kingine. Ni ardhi iliyomlea Javier Guerra, Msegovia aliyeshika nafasi ya nne marathoni ya ubingwa wa Ulaya Zurich mwaka 2014.

Bonde la Eresma lina sehemu ya tatu, juu kabisa, kati ya La Granja na misitu ya Valsaín, ambapo mfalme Carlos III aliwekewa njia ya mawe kando ya mto katika karne ya 18 ili avue samaki. Ni mahali pazuri kuliko pote tulipotaja. Vipande vile vya itale, vimelowa na vinateleza, si vya mbio. Ipangie nusu siku ya kutembea, baada ya siku ya mizunguko miwili, na ubebe koti hata Juni. Simu ya dharura, huko na kote Hispania, ni 112.